Nafasi Tupu za Mzee Eliakimu

Ipo siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Nilisimama mbele ya watu pale kijiji cha Mamba, nikawaambia jambo lisilo la kweli, na wakanipigia makofi. Sikujua kama si kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu mtu anayejua anadanganya huwa anaogopa kidogo, anapunguza sauti. Mimi nilipaza sauti.

Umenijia na kompyuta yako kwapani, unasema umepewa faili la namba lenye sura ya ajabu, unataka amri moja ya kulisafisha upesi ili uwahi mambo yako. Amri nitakupa, usijali. Mimi mwenyewe nazipenda amri hizo, na mume wangu amewahi kuniuliza kama nazipenda kuliko yeye. Lakini kaa kwanza unisikilize, maana neno hilo ulilolitumia, kusafisha, ndilo lililoniponza.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Baba yangu ni Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake nikiwa bado mgongoni kwa mama, kwa hiyo nimekulia Katavi hii hii, halafu nikaenda Dar es Salaam kusomea takwimu. Niliporudi Mpanda nikapata kazi ya mkataba kwenye mradi mdogo wa tahadhari ya mafuriko. Nikapanga chumba Majengo, nikanunua meza, na juu ya meza nikaweka kompyuta yenye kelele kama mashine ya kusaga. Nilijiona nimefika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mto unaoshuka kutoka mlimani na kutawanyika kwenye majaruba ya mpunga ya Mamba. Mvua ikipiga sana huko juu, maji hufika bondeni hata kama bondeni kwenyewe jua linawaka. Na bondeni kuna watu. Mpunga ukianza kukomaa, familia nzima inahamia shambani, inajenga kibanda katikati ya majaruba na kukaa humo wiki kadhaa kufukuza ndege. Swali tulilopewa lilikuwa moja tu: mvua kubwa ikinyesha juu, maji yanachukua siku ngapi kufika kwenye vibanda? Ukiijua siku, unajua watu wana muda gani wa kutoka. Kaka yangu Masanja, mke wake Kabula na watoto wao wanne walikuwa kwenye kibanda kimojawapo.

Nilipewa mafaili mawili. La kwanza lilikuwa la kina cha mto pale Mamba, limeandikwa siku kwa siku, halina neno. La pili lilikuwa la mvua ya mlimani, na hilo lilitoka mkononi mwa Mzee Eliakimu.

Mzee Eliakimu alikuwa Mfipa, mkulima wa mahindi na maharage, mtu mwembamba mwenye maneno machache. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akitoka kila asubuhi saa tatu, anaenda kwenye kopo la kupimia mvua lililokuwa nyuma ya nyumba yake, anasoma milimita, anaandika kwenye karatasi. Mchapaji mmoja alizinakili karatasi hizo kwenye kompyuta jinsi zilivyo. Kila mstari wa faili ulikuwa mwezi mzima: mwanzoni mwaka, halafu mwezi, halafu vyumba thelathini na kimoja vya namba, kila chumba upana wa herufi tano. Hakuna mkato, hakuna alama ya kutenganisha. Vyumba vingine vilikuwa vitupu kabisa, na namba iliyofuata baada ya chumba kitupu ilikuwa na alama ya kujumlisha mkiani.

Nilipoiona sura hiyo nilicheka. Nikasema moyoni, wazee wetu nao wana mambo yao, hebu ninyooshe.

Nikafungua lile dirisha jeusi unaloandika amri badala ya kubofya picha. Kwa amri ya sed nikafuta alama zote za kujumlisha. Kisha nikachukua awk, nikaiambia: neno la kwanza ni mwaka, la pili ni mwezi, la tatu ni mvua ya tarehe moja, la nne ya tarehe mbili, endelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikabonyeza. Mwanangu, miaka ishirini na miwili ya mvua ilipita mbele ya macho yangu kabla sijameza mate. Mvua zilizoninyeshea nikienda shule ya msingi zilikuwa mle. Ile masika iliyoangusha zizi la baba ilikuwa mle, na milimita zake. Nywele zilinisimama. Nilikaa pale mikono imeniganda juu ya meza, nikijiuliza ni nani aliyewahi kupewa uwezo wa namna hii, kuita miaka na ikaja.

Ngoja nikueleze kosa mapema ili usije ukapotea njiani. Ile awk, usipoiambia vingine, hutenganisha namba kwa nafasi, na kwake nafasi moja na nafasi ishirini ni kitu kimoja. Chumba kitupu haikioni. Inakiruka, inavuta namba inayofuata na kuiweka pale. Kwa hiyo kila chumba kitupu kilirudisha nyuma siku zote zilizobaki za mwezi ule. Kikija kitupu cha pili, siku zinarudi mbili. Ukifika mwisho wa mwezi, mvua ya tarehe thelathini inaonekana kama ilinyesha tarehe ishirini na sita, na mstari unakwisha kabla mwezi haujaisha. Mimi nilipoona mistari imepungukiwa, unajua nilifanya nini? Niliijazia sifuri. Nikaona nimesaidia.

Nikalinganisha mvua na mto. Majibu yakaja yanayumbayumba: mara maji yamefika baada ya siku moja, mara tatu, mara tano. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo. Mimi nikachukua wastani, ukaja siku tatu, nikaupigia mstari na kalamu nyekundu.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne tukaitisha mkutano Mamba, ndani ya ghala la mpunga. Walikuja wakulima wa Kipimbwe, wenyeji wa pale, walikuja ndugu zangu Wasukuma wenye ng'ombe, na kaka Masanja alikaa mbele kabisa, amevaa shati la kanisani. Mzee Eliakimu naye aliitwa, kwa sababu yeye ndiye angepiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji kila anapoona mvua kubwa. Nikawaambia wazi: simu ikipigwa, mna siku tatu. Kusanyeni vyombo taratibu, hamisheni mifugo taratibu, hakuna haja ya kukimbizana. Na ili waone ninavyojua, nikasoma mfano. Nikataja mwaka fulani, Machi tarehe kumi na tisa, milimita sabini na moja.

Mzee Eliakimu akainua mkono, akasimama.

"Binti yangu, mvua ile naikumbuka. Ilikuwa tarehe ishirini na mbili, Jumanne. Tarehe kumi na tisa ilikuwa Sabato, na mimi Sabato sipimi."

Alikuwa ameniambia kila kitu, mwanangu. Katika sentensi tatu alinipa ufunguo wa faili zima, bure, mbele ya watu. Mimi nikatabasamu lile tabasamu la wasomi, nikasema, "Shikamoo mzee wangu. Kwa umri huo siku huchanganyika, si kosa lako. Kompyuta yenyewe haizeeki."

Watu wakacheka. Kaka yangu alicheka kuliko wote, kwa fahari. Mzee akaitikia ile shikamoo, akakaa chini, akaiweka kofia yake juu ya goti. Wakanipigia makofi, nikarudi Mpanda na gari la mradi nikiwa nimeegemea kiti kama bosi.

Sasa sikia. Jumamosi asubuhi nilikuwa chumbani kwangu Majengo nafua. Jirani na pale kulikuwa na kanisa la Wasabato, na kwaya yao ilikuwa imeanza kuimba. Nilikuwa nimeizoea, siku zote naisikia. Siku hiyo nikasimama na nguo mkononi inachuruzika maji. Jumamosi. Sabato sipimi. Nikajiuliza, kama Jumamosi hapimi, ile namba ya Jumamosi niliyoisoma mbele za watu aliiandika nani?

Sikuikamua hata ile nguo. Nikawasha kompyuta, nikafungua faili lenyewe, lile la mwanzo, ambalo kwa bahati sikulifuta. Nikalitanua lienee kwenye kioo chote, nikalitazama bila kuligusa. Nilikuwa sijawahi kufanya hivyo hata mara moja, kwa pupa yangu ya kutoa amri.

Zilikuwa pale, mwanangu. Nafasi tupu. Chumba kimoja kitupu, namba sita, kitupu, namba sita, kitupu. Mwezi huu zinaanza tarehe tano, mwezi ujao zinaanza tarehe mbili, zimepangika mstari baada ya mstari, mwaka baada ya mwaka, bila kukosea. Kila Jumapili ina alama ya kujumlisha, maana asubuhi hiyo kopo lilikuwa limebeba maji ya siku mbili, na mzee hakutaka mtu adhani ni ya siku moja. Miaka ishirini na miwili ya kwenda kanisani ilikuwa imeandikwa mle ndani kwa kutokuandika. Nimeona mambo mengi kwenye namba tangu wakati ule, lakini sijaona tena kitu kilichonifanya nitake kupiga magoti kama kile. Mimi ndiye niliyekikanyaga nikaita usafi.

Nikaacha kulia, maana nilikuwa nalia, nikachukua amri nyingine, cut, ambayo haijali maneno. Yenyewe inakata kwa nafasi ya herufi: herufi ya kumi mpaka ya kumi na nne ni chumba hiki, kiwe na kitu kisiwe na kitu. Kitupu nikakiacha kitupu. Siku zenye alama ya kujumlisha nikaziweka pembeni peke yake, kwa kuwa hakuna ajuaye maji yale yalinyesha Ijumaa kuamkia Jumamosi au Jumamosi kuamkia Jumapili. Nikalinganisha upya na mto.

Siku moja. Mstari unaofuata, siku moja. Siku moja. Siku moja. Ile kuyumbayumba ikaisha kabisa. Mvua ya mlimani na mto wa bondeni, vitu viwili vilivyoandikwa na watu wawili ambao hawajawahi kuonana, vilikuwa vinaitikiana siku kwa siku kwa miaka yote ile. Nilitetemeka kwa uzuri wake. Halafu nikatetemeka kwa jambo jingine, kwa sababu niliwaambia watu wana siku tatu.

Nikampigia kaka Masanja. Simu yake haikupatikana, huko majarubani mtandao haufiki. Nikampigia mwenyekiti.

"Afadhali umepiga," akasema. "Huku kwetu jua kali, lakini mlimani kumefunga tangu jana jioni. Mzee Eliakimu katoka ibadani katikati, kanipigia. Anasema hajapima, leo ni Sabato, ila kwa macho yake ni mvua ya kuhamisha watu leo hii. Nimepita vibandani, wananijibu mtaalamu kasema siku tatu."

"Mwenyekiti, ni siku moja."

"Juzi ulisema tatu mbele yetu sote."

"Nilikosea. Mzee alikuwa sahihi. Watoe watu leo, tafadhali."

Mwenyekiti yule alikuwa mtu wa maana, hakunigombeza. Akachukua pikipiki na vijana wake wakaenda kibanda kwa kibanda. Baada ya saa moja na nusu hivi simu yangu ikaita, mwenyekiti tena, sauti inakatika. Alikuwa amesimama juu ya kichuguu kirefu, mahali pekee kule bondeni panapokamata mtandao. Akaniambia wengi wanatoka, ila kuna mmoja amekataa katakata na amewashikilia majirani zake watatu. Anasema aliyetoa siku tatu ni mdogo wake wa tumbo moja, msichana aliyesoma mpaka Dar, na huyo huwa hakosei.

"Mpandishe hapo kichuguuni nizungumze naye," nikasema.

Nikamsikia kaka yangu akihema, ametoka kupanda. Nikasema, "Kaka, nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Zile siku. Hazikuwa tatu. Nilimdharau yule mzee, na hesabu yangu ilikuwa mbovu. Mtoe Kabula na watoto sasa hivi."

Tangu utoto wangu, mwanangu, Masanja ndiye aliyenitetea. Ng'ombe wawili wa baba waliuzwa ili nisome, na yeye ndiye aliyesema wauzwe, akaacha yeye kuoa mwaka ule. Fahari yake yote ilikuwa mimi. Nami nilikuwa naivunja kwa simu, akiwa amesimama juu ya kichuguu, majirani zake wanamtazama.

"Haya," akasema mwisho. "Ningemsikiliza nani mwingine? Tunatoka."

Maji yalifika Jumapili asubuhi. Nilifika Mamba mchana wake, nikapelekwa ukingoni nikaona. Pale palipokuwa na vibanda palikuwa ziwa la rangi ya udongo, na nyasi za mapaa zikielea. Mpunga mwingi ulilala. Mbuzi kadhaa walikwenda na maji. Watu walikuwa kwenye mwinuko wa shule, wote, na mwenyekiti aliwahesabu mara mbili mbele yangu. Mtoto wa mwisho wa kaka yangu alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, mdomo wazi. Nilimshika kisigino, nikakishikilia, mpaka Kabula akaniuliza kama naumwa.

Wiki iliyofuata nikapanda mlimani kwa Mzee Eliakimu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi, hakuniacha niyamalize. Akanipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha kopo lake. Kitu kidogo tu, mwanangu, cha bati, unaweza kukishika kwa mkono mmoja, na mle ndimo ilimopita mbingu yote ya huku kwetu. Nikamwonyesha mwezi mmoja nilioupiga chapa. Kulikuwa na chumba kimoja kitupu ambacho hakikuwa Jumamosi, cha pekee katika miaka ishirini na miwili, nikamuuliza.

"Siku hiyo nilimzika mama yangu," akasema. "Saa tatu nilikuwa kaburini."

Nikamuuliza, kwa adabu safari hii, kwa nini basi hakuandika sifuri tu, watu wengi wangefanya hivyo. Akanitazama kama anayemwonea huruma mtoto.

"Sifuri ni ushahidi, binti. Maana yake nilikwenda, nikaangalia, sikukuta maji. Siku ile sikwenda. Nikiandika sifuri nimeshuhudia jambo ambalo sikuliona. Nikaacha wazi, nikasema atakayekuja kusoma atajua hapa palikuwa na mtu na hakuweza kufika."

Nilikuwa nimejaza sifuri mamia kwenye miezi ya mzee huyu. Nilimshuhudilia uongo mamia ya mara, kwa amri ya mstari mmoja. Nilishindwa kumtazama usoni. Yeye akanikatia muwa.

Basi mwanangu, faili lako hilo, sasa lifungue. Usiandike amri yoyote bado. Litazame jinsi lilivyo, juu mpaka chini, mpaka ulizoee kama sura ya mtu. Ukiona kitu cha ajabu, alama isiyoeleweka, nafasi iliyoachwa, namba inayokataa kukaa na wenzake, usikimbilie kukifuta. Jiulize nani alikiweka na alitaka kukuambia nini. Kama mtu huyo yu hai, panda gari umfuate, au mpigie, na ukifika nyamaza umsikilize. Faili la mwanzo usiliguse kamwe, fanyia kazi nakala. Pasipo na kitu paache pasiwe na kitu, wala usiwajazie watu sifuri ambazo hawakuziona. Majibu yakiyumba, usiyafunike kwa wastani ukalala. Na hizi amri, zipende, zistaajabie, mimi bado zinanisisimua nikiwa na mvi zangu hizi. Ila ujue hazijui chochote kuhusu mama aliyezikwa saa tatu asubuhi. Hayo ni juu yako kuyajua.

Nenda sasa, nami nakuombea. Mungu akupe macho ya subira na mikono isiyo na pupa. Akukutanishe na watu waaminifu kama mzee yule, na akupe akili ya kuwatambua wakiwa bado wamesimama mbele yako. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, akupe ujasiri wa kuwaambia wanaokuamini kuliko wote, nimekosea, maji yakiwa bado njiani. Amina.